Wiki darasani: mwalimu ndiye aliyeamua

Mwaka 2008 wanafunzi wa fasihi ya Amerika ya Kilatini katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipewa kazi wasiyoizoea. Mhadhiri wao, Jon Beasley-Murray, aliwagawa katika vikundi na kuwataka waandike katika Wikipedia, hadharani, kuhusu riwaya na waandishi waliokuwa wakiwasoma. Kikundi ambacho makala yake ingepewa daraja la juu kabisa na wahariri wa kamusi elezo hiyo kingepata alama ya juu kabisa darasani. Makala tatu zilifika huko, mojawapo ikihusu *El Señor Presidente*, riwaya ya Miguel Ángel Asturias wa Guatemala.

Chombo walichokitumia hakikubuniwa kwa ajili ya shule. Tarehe 25 Machi 1995, mtaalamu wa programu za kompyuta Ward Cunningham, wa Portland, Marekani, alifungua tovuti aliyoiita WikiWikiWeb ili wenzake wakusanye mbinu bora za kazi yao. Mtu yeyote aliyesoma ukurasa aliweza kuubadilisha papo hapo bila kuomba ruhusa; tovuti ya namna hiyo ndiyo huitwa wiki. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Januari 2001, Jimmy Wales na Larry Sanger waliitumia njia hiyo kuanzisha Wikipedia.

Walimu hawakuisubiri Wikipedia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mark Guzdial na wenzake wa chuo kikuu cha Georgia Tech, mjini Atlanta, Marekani, walitengeneza wiki ya darasani iliyojulikana kama CoWeb. Katika madarasa ya uandishi, wanafunzi walichambua matini kwa pamoja, kila mmoja akiongeza maelezo yake juu ya yale ya mwenzake. Wanafunzi wa usanifu wa majengo walibandika michoro yao ili ikosolewe.

Katika baadhi ya madarasa ya hisabati na uhandisi, hata hivyo, kurasa zilidoda. Kozi moja iliwataka wanafunzi wa hisabati washirikiane na wale wa uhandisi wa kemikali, na wapo walioona heri wapate sifuri kuliko kufanya hivyo. Watafiti walipochunguza, waligundua kwamba programu haikuwa na kasoro. Alama zilitolewa kwa kuwapima wanafunzi wao kwa wao, kwa hiyo aliyemsaidia mwenzake alijiona anampandisha mshindani. Wengine waliogopa kuonyesha mbele ya darasa zima kwamba hawakuelewa.

Funzo hilo halijachakaa. Wiki haimfanyi mtu ashirikiane. Humpa nafasi tu. Anayeamua kama nafasi hiyo itatumika ni mwalimu, kwa namna anavyotunga swali na kugawa alama. Beasley-Murray alifanya mafanikio ya mmoja yawe mafanikio ya kikundi, na wanafunzi wake wakasahihishana.

Kanuni hiyo ilionekana pia mwaka 2006, pale mwalimu Vicki Davis wa jimbo la Georgia, Marekani, na Julie Lindsay, aliyekuwa akifundisha Dhaka, Bangladesh, waliwaunganisha wanafunzi wao wa sekondari kupitia wiki. Kazi ilipangwa ili ukurasa mmoja uandikwe na wanafunzi wa pande zote mbili. Siku hizo huduma ya Wikispaces, iliyoanzishwa mwaka 2005, iliwapa walimu wiki za bure. Ilipofungwa mwaka 2018, madarasa yaliyoitegemea yalilazimika kuhamisha kazi zao au kuzipoteza.

Kwa upande wa Kiswahili, Wikipedia yetu ilianza mwaka 2003, na Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuikuza mapema. Kati ya mwaka 2009 na 2010, Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Mamia walijiandikisha na mamia ya makala mpya zikapatikana, jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, shindano humfundisha kijana kumshinda mwenzake, ilhali wiki inahitaji vijana watakaoboresha kazi ya wenzao.

Shule zetu zina mazoea hayohayo ya kushindana, kwa kuwa mitihani ya taifa humpima kila mtu peke yake. Ndiyo maana kazi ya darasani inapaswa kuziba pengo hilo la ushirikiano. Wiki huhifadhi historia ya kila ukurasa: nani aliandika nini, lini, na nani alirekebisha. Mwalimu anaweza kutoa alama moja kwa ubora wa ukurasa na nyingine kwa msaada ambao kila mwanafunzi aliwapa wenzake, na anayewategea wenzake ataonekana.

Gharama nayo si kisingizio kikubwa kwa shule yenye chumba cha kompyuta. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ni ya bure na hufanya kazi katika mtandao wa ndani wa shule hata pasipo intaneti. Kidato cha tatu kinaweza kuandika humo historia ya mji wake, na wanaokifuata mwakani wakairekebisha na kuiendeleza. Tusianze na mashine. Tuanze na kanuni ya alama itakayomfanya mwanafunzi aone faida ya kusahihisha sentensi isiyo yake.