Pipa la mafuta na ndoto ya umeme shambani

Juzijuzi nilikutana na kijana mmoja wa mtaani kwetu akisukuma mkokoteni wenye pipa tupu la mafuta. Nikadhani maji yamekatika tena. Akasema hapana, pipa hilo anakwenda kulipasua katikati, kutoka juu hadi chini, kisha vipande viwili avifunge kwenye mlingoti vikitazamana kwa kupishana, mfano wa herufi S. Chini ataweka altaneta ya gari. Kifaa kitakwenda Singida kwa baba yake, kikawashe taa na kuvuta maji ya ng'ombe. "Mzee," akaniambia, "upepo wa kwetu haulipiwi bili."

Hilo ni kweli, wala yule kijana si mjinga. Wazo lake limepita katika vichwa vya watu wakubwa kabla yake, na ndiyo maana leo nimeona tulizungumze.

Vinu vya upepo tulivyozoea kuviona katika picha vina mapanga kama ya pangaboi, na lazima vigeuzwe vielekee upepo unakotoka. Mashine yake hukaa juu kabisa ya mnara. Ikiharibika, mkulima apande. Kinu chenye mhimili wima, yaani mlingoti unaozunguka wenyewe kama pia, hakijali upepo umetoka Kaskazi au Kusi, na mashine yake iko chini, mtu anaifikia amesimama. Kwa mtu wa shamba hakuna lugha tamu kuliko hiyo. Waajemi waliielewa zamani sana: huko Nashtifan, mashariki mwa Iran, viko vinu vya udongo na mbao vya namna hiyo vilivyosaga nafaka kwa karne nyingi.

Umeme ulikuja baadaye, na hapa ndipo tumkumbuke Mskoti mmoja, Profesa James Blyth wa Glasgow. Mwaka 1887, katika bustani ya nyumba yake ya mapumziko kijijini Marykirk, alisimika kinu cha upepo chenye matanga ya nguo, akakiunganisha na dainamo, umeme akauhifadhi katika betri, akawasha taa za nyumba yake. Inasemekana ndiyo nyumba ya kwanza duniani kupata mwanga kwa nguvu ya upepo. Umeme ukambakia. Akawaambia wanakijiji, jamani, nitawawashia taa barabara yenu. Wakakataa. Walisema mwanga ule ni kazi ya shetani! Msikilizaji, tunapowacheka wazee wetu waliokimbia treni, tuwakumbuke na hao.

Blyth aliendelea kujaribu. Tatizo lililomsumbua si upepo mdogo, bali upepo mkubwa, kwa kuwa kinu cha matanga kikikutwa na dhoruba hakuna mtu wa kukishika. Ndipo akahamia kwenye mhimili wima wenye mikono iliyobeba vikombe vikubwa, kama kile kifaa cha watu wa hali ya hewa cha kupimia kasi ya upepo. Chombo hicho hakikimbii ovyo hata kukiwa na tufani. Mwaka 1895 kingine kikubwa zaidi kilijengwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Montrose. Lakini Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe tele, na hakuna tajiri aliyeona faida ya kufuata nyayo za profesa.

Pipa la kijana wetu lina babu mwingine. Katika miaka ya 1920 Sigurd Savonius wa Ufini alibuni umbo hilohilo la S. Uzuri wake ni kwamba huanza kuzunguka kwa upepo mdogo na fundi yeyote mwenye tindo anaweza kulitengeneza. Ndiyo maana taasisi ya Brace ya Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ilitoa vijitabu vya kuwafundisha watu wa nchi maskini kulitengeneza kwa mapipa. Likaitwa mkombozi wa mkulima.

Basi na tupige hesabu, maana hesabu haina undugu. Chukua mapipa mawili ya lita 200, yapasue, yapange moja juu ya jingine. Eneo linalokamata upepo halifiki mita 2 za mraba. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao wengi wetu tungeuita upepo mzuri, una takribani wati 38 katika kila mita ya mraba. Mjerumani Albert Betz alionyesha, karibu na mwaka 1920, kwamba hakuna kinu kinachoweza kunyang'anya upepo zaidi ya asilimia 59 ya nguvu zake. Pipa hupata kama asilimia 15. Kinachobaki mkononi ni wati 10 hivi, kabla altaneta haijala fungu lake. Na altaneta ya gari hutaka mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika, ilhali pipa kwa upepo huo halifikishi hata 100. Hiyo ni taa ndogo. Ng'ombe wasubiri.

Kuna waliolipima jambo hili karibu na kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wamisionari wa Kimarekani kando ya Mto Omo, kusini mwa Ethiopia, walitafuta namna ya kuinua maji ya mto yamwagilie bustani. Walijaribu kinu cha Savonius kikawapa maji kidogo tu. Waliposimamisha vinu vyenye matanga ya nguo kama ya mashua, vya namna ya kisiwa cha Krete, maji yakapanda. Mhandisi Mwingereza Peter Fraenkel aliyaandika hayo mwaka 1975. Hata vile vinu vya maji vya Kijito vilivyotengenezwa Thika, Kenya, ni vya mapanga juu ya mnara.

Wakubwa nao walijaribu. Mfaransa Georges Darrieus alipata hataza Marekani mwaka 1931 ya kinu cha mabati membamba yaliyopinda kama kamba wanayoruka watoto. Hicho kina nguvu mara mbili ya pipa na zaidi, ila kwa kawaida hakianzi chenyewe, hutaka kusukumwa. Wakanada walikifufua, na mwaka 1977 wakasimika kimoja katika Visiwa vya Magdalen. Mwaka uliofuata, breki ikiwa imefunguliwa, kile kisichoanza chenyewe kikaanza chenyewe, kikaenda kasi hadi kikaanguka.

Huko Bushland, Texas, wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikitumia kwa busara zaidi: kinu kilisaidiana na mota kuvuta maji ya umwagiliaji, upepo ukipungua mota inabeba mzigo. Lakini bati la Darrieus husukumwa upande huu na upande ule katika kila mzunguko, na aluminiamu huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Kampuni ya FloWind iliyosimika mamia ya vinu hivyo California ilifilisika mwaka 1997. Mashamba ya Marekani yaliyopata umeme wa upepo kabla ya nyaya za serikali kuyafikia yaliupata zaidi kwa mapanga ya kawaida, kama yale ya ndugu wa Jacobs wa Montana, juu ya minara mirefu. Huko juu ndiko upepo uliko. Kasi yake ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane, na ule urahisi wa mashine kukaa chini umewafanya wengi wakiweke kinu kizima chini, nyuma ya miembe na mapaa ya nyumba, upepo ulikokwisha kufa.

Yote haya nilimweleza kijana pale barabarani, mkokoteni ukizuia daladala. Nikamshauri kwanza anunue kipima upepo kidogo, baba yake aandike vipimo asubuhi na jioni kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, ndipo tuzungumze habari ya mlingoti. Alinitazama kama wanakijiji wa Marykirk walivyomtazama profesa. Lakini kipimo amekituma kwa basi la Singida. Pipa liko uani kwake, na mkewe amelijaza maji.