Kimeng'enya cha maabara na fumbo la sukari ya matunda

Mwaka 1956, madaktari wawili wa Uingereza, Chambers na Pratt, walieleza katika jarida la The Lancet habari za mwanamke mwenye umri wa miaka 24 aliyeugua kila alipokula vitu vitamu.

Waligundua kuwa kilichomdhuru ni fruktosi, yaani sukari ya matunda. Sukari hiyo haimo katika matunda na asali peke yake. Sukari ya kawaida inayotiwa katika chai ni nusu glukosi na nusu fruktosi.

Mwaka uliofuata, Froesch na wenzake mjini Zürich, Uswisi, walionyesha kuwa maradhi hayo hurithiwa. Mtoto huyapata anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, ingawa wazazi wenyewe huwa wazima.

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee haonyeshi dalili yoyote. Hatari huanza anapoonjeshwa vyakula vingine. Hutapika, sukari katika damu yake hushuka, na asipogunduliwa mapema ini na figo zake huharibika. Wanaonusurika hujifunza wenyewe kuvikataa vitu vitamu, na mara nyingi meno yao hayana hata tundu moja.

Njia iliyoziba

Sababu yake ilijulikana mwaka 1961, pale Hers na Joassin wa Ubelgiji walipochunguza ini la wagonjwa na kukuta upungufu wa kimeng'enya kiitwacho aldolesi B.

Fruktosi inapofika katika ini, kimeng'enya cha kwanza huibandika fosfati. Aldolesi B ndiyo huikata vipande viwili ili mwili uitumie. Aldolesi isipofanya kazi, fruktosi yenye fosfati hurundikana, akiba ya fosfati na nishati katika chembe za ini hupungua, na ini hushindwa kutoa glukosi katika damu.

Bakteria wapewa kazi

Kwa miaka mingi uchunguzi ulihitaji kipande cha ini la mgonjwa, jambo gumu na lenye hatari. Mambo yalibadilika wataalamu walipopata njia ya kuchukua jeni ya binadamu na kuipandikiza katika bakteria, ili bakteria hao watengeneze kimeng'enya cha binadamu. Kimeng'enya kama hicho huitwa cha rekombinanti, kwa kuwa hutokana na vinasaba vilivyounganishwa upya.

Mwaka 1988, Nicholas Cross na Timothy Cox wa Uingereza, pamoja na Dean Tolan wa Marekani, walitangaza kuwa wameipata kasoro iliyoenea zaidi miongoni mwa wagonjwa wa Ulaya. Katika nafasi ya 149 ya mnyororo wa aldolesi B, asidi amino iitwayo alanini imebadilishwa na prolini.

Lakini kwa nini badiliko dogo kiasi hicho lilete madhara makubwa? Jibu lilitoka kwa bakteria. Wataalamu waliwafanya watengeneze aldolesi yenye kasoro, kisha wakailinganisha na ile iliyo timamu. Aldolesi timamu huundwa na sehemu nne zilizoshikamana. Ile yenye kasoro hulegea na kuachana, na kadiri joto linavyopanda kuelekea joto la mwili ndivyo inavyozidi kupoteza nguvu.

Kinga ni kujua

Kimeng'enya hicho cha maabara si dawa. Faida yake ni kuonyesha ni mabadiliko gani ya jeni yanayodhuru na yanadhuru vipi. Ujuzi huo umesaidia kuufanya ugonjwa utambulike kwa kipimo cha vinasaba vya damu, bila kukata ini.

Hilo si jambo dogo. Zamani hospitali kadhaa, hasa nchini Ujerumani, ziliwatia wagonjwa maji ya fruktosi au sorbitoli mishipani. Sorbitoli nayo hugeuka kuwa fruktosi mwilini. Baadhi ya wagonjwa waliokuwa na kasoro hii bila kujulikana walipoteza maisha.

Mwaka 2018, utafiti uliofanyiwa panya ulionyesha kuwa kukizuia kimeng'enya cha kwanza, kile kinachobandika fosfati, kuliwakinga wanyama hao. Hata hivyo, tiba inayotegemewa na binadamu imebaki ileile: kuepuka fruktosi, sukari ya kawaida na sorbitoli, hata zile zilizofichika ndani ya dawa za maji.