Kidhibiti Mwendo Ndani ya Kompyuta

Kwa wiki tatu nilikuwa nikiandika neno zima kisha nasubiri herufi zitokee kwenye kioo moja moja, kama abiria wanaoshuka kwenye daladala iliyojaa. Kompyuta mpakato yangu ni ndogo, ya bei nafuu, haina hata feni, na prosesa yake imeundwa itumie wati 6 tu. Fundi niliyempelekea aliiangalia dakika mbili, akasema, "Toa hii Linux, kaka, tupige Windows." Nilimshukuru, nikarudi nayo nyumbani. Alikuwa fundi mzuri wa vioo na kibodi, lakini kwa ugonjwa huu alikuwa na neno moja tu, kwamba mashine imekuwa nzito. Ukiwa na neno moja kwa magonjwa manne, dawa nayo huwa moja.

Neno nililohitaji ni lile ambalo Waingereza huita governor. Ndani ya Linux ni kipande cha programu kinachoamua, mara nyingi kwa kila sekunde, prosesa ipige mapigo mangapi. Prosesa yangu inaweza kushuka hadi megahezi 800 na kupanda hadi gigahezi 2.6. Kuipandisha kuna gharama yake, maana umeme unaotumika huongezeka kwa kiasi cha mapigo, kisha kwa kipeo cha pili cha volti, na mapigo ya haraka hudai volti kubwa. Punguza mapigo nusu, shusha volti kutoka 1 hadi 0.8, na umeme unaotumika kila sekunde unabaki asilimia 32 ya ule wa mwanzo. Kwa betri ndogo, hiyo ni tofauti ya kumaliza kazi yako au kukimbilia soketi.

Sasa tuliiteje kwa Kiswahili? Wapo wasemao "gavana", na mafundi wa magari huenda wakaelewa mara moja. Mimi siliungi mkono. Mkenya akisikia gavana anamwona mkuu wa kaunti. Mtanzania anamwona mkuu wa Benki Kuu, ambaye saini yake iko kwenye noti. Tayari tunalo neno lililokomaa barabarani, nalo ni kidhibiti mwendo. Nchini Kenya lilienea zaidi tangu 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoagiza matatu zifungwe kifaa cha kuzizuia zisipite kilomita 80 kwa saa. Abiria, dereva, askari wa trafiki, wote wanalijua. Istilahi iliyokwisha kupanda matatu haihitaji kamusi ya kuitetea.

Pingamizi moja lina uzito. Kifaa cha matatu huweka dari tu, ilhali cha kompyuta hupandisha na kushusha. Lakini hebu tulisikilize neno lenyewe. Kudhibiti ni kukitia kitu mkononi, si kukipunguza; na mwendo unaweza kuwa wa pole au wa kasi. Maana hiyo pana ndiyo ya asili hata ugenini. James Watt alipofunga kifaa cha namna hii kwenye injini yake ya mvuke mwaka 1788, kilikuwa na matufe mawili yanayozunguka: injini ikienda kasi, matufe yanatengana na kubana mvuke, ikilegea, yanashuka na kuufungulia. Neno la Kiingereza nalo limepitia Kilatini kutoka kwa Wagiriki, na kwao lilihusu kazi ya mshika usukani wa chombo. Watu wa pwani hawahitaji maelezo zaidi: anayeshika usukani hafungi breki, anasoma upepo.

Shida kubwa zaidi iko kwenye majina ya vidhibiti vyenyewe. Kimoja huitwa powersave, na mwenye haraka atakitafsiri "kiweka akiba" aende zake. Kwenye mashine nyingi za zamani hicho huifungia prosesa kwenye mwendo wa chini kabisa, basi. Kwenye prosesa nyingi mpya za Intel, jina hilohilo ni la kidhibiti kinachopandisha na kushusha mwendo kulingana na kazi, na ni kawaida kabisa kukikuta. Jina moja, tabia mbili. Zaidi ya hapo, kutambaa hakuokoi umeme kila mara: prosesa inayomaliza kazi upesi na kulala usingizi mzito yaweza kutumia kidogo kuliko inayojikokota ikiwa macho. Ndiyo maana nasema istilahi hizi zitafsiriwe kwa kuangalia kifaa kinafanya nini.

Jina hilo lilinipotosha nami. Nilifungua faili la scaling_governor, linalotaja kidhibiti kinachotumika, nikasoma powersave, nikafurahi kwamba mwizi nimemkamata. Nikaweka performance, kinachotaka mwendo wa juu wakati wote. Nikafungua faili la mwendo wa sasa, ambalo huhesabu kwa kilohezi: 800000. Nikafungua kurasa kumi za intaneti kwa mpigo mmoja ili kuipa kazi. 800000. Kidhibiti kilikuwa kinaagiza na agizo halifiki.

Hapo ndipo lugha ilipaswa kunipa neno la pili, na nikalazimika kulitafuta: kibano. Chini ya kidhibiti mwendo kuna vifaa na programu za bodi mama zenye mamlaka ya kubana prosesa bila kumuuliza mtu, joto likizidi au umeme unaoingia ukitiliwa shaka. Kidhibiti huamua, kibano hukataza. Mashine yangu haikuwa na joto. Ilibaki chaja, niliyoinunua barabarani mwanzoni mwa wiki tatu hizo hizo, ya asili ilipokatika waya.

Nikaichomoa, nikasoma tena lile faili. 2400000. Nikaichomeka: 800000. Nikaichomoa mara ya pili, nikaandika sentensi, na herufi zikatoka pamoja na vidole vyangu.