« Machozi ya mamba »: maneno haya yalitoka wapi?

Hapa kwetu Beni na Butembo, mtu akilia kwenye kilio kushinda wenye kufiwa, na watu wanajua ndiye alikuwa anamtesa marehemu, hakukosi mwenye kunong'ona: « Ile ni machozi ya mamba. » Tunasikia maneno haya sokoni, na hata wakati wakubwa wanakuja kutoa pole baada ya mauaji. Wafaransa na Waingereza nao wanasema vilevile.

Maana yake ni nini?

Ni huzuni ya uongo. Mtu anaonyesha uchungu ambao hauko moyoni, mara nyingi juu ya mabaya aliyoyafanya yeye mwenyewe.

Chanzo chake

Zamani watu wa Ulaya waliamini kwamba mamba anakula mtu huku anamlilia. Katika karne ya 14, kitabu cha safari chenye jina la John Mandeville kilieneza sana hadithi hiyo. Baadaye Shakespeare aliitumia katika mchezo wake Othello.

Je, mamba analia kweli?

Machozi anayo, kama wanavyoyatoa wanyama wengi, ili jicho lisikauke akiwa inchi kavu. Mwaka 2007, watafiti wawili wa Marekani, Kent Vliet na Malcolm Shaner, walitangaza kwamba waliangalia wanyama 7 wa jamaa ya mamba wakikula inchi kavu. Kwa 5 kati yao, macho yalilowa. Watafiti walifikiri ni hewa wanayoisukuma kwa nguvu wakati wa kula ndiyo inatoa machozi. Basi mamba wa Semuliki hana huruma, lakini hana unafiki pia.

Tuangalie vizuri

Kuna wagonjwa waliopooza upande mmoja wa uso, na mishipa ya fahamu ikapona vibaya. Wakikula, jicho linatoa machozi. Waganga wanaita hali hiyo machozi ya mamba. Mtu huyo hadanganyi: tusimucheke, tumupeleke hospitali.

Na kwenye kilio? Kumwita mtu mamba ni kumshitaki, na macho peke yake si ushahidi. Anayelia nasi leo, tumuangalie kesho: kama atarudi kuona mjane na yatima, ao kama gari likiondoka mambo yameisha.