Picha Bila Sauti, Sauti Bila Picha: Masalio ya The Ghost Train (1931)

Mwaka 1923 Arnold Ridley, mwigizaji Mwingereza aliyejeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika tamthilia kuhusu abiria waliokwama usiku kucha katika stesheni ndogo ya Fal Vale, Cornwall. Wazo hilo lilimjia alipokuwa mwenyewe akisubiri garimoshi huko Mangotsfield, karibu na Bristol. Tamthilia ilianza kuchezwa London mwaka 1925, ikaonyeshwa huko zaidi ya mara 600.

Msuko wake ni mwepesi. Mkuu wa stesheni anawasimulia abiria habari za garimoshi la mizimu ambalo anayelitazama hufa. Kumbe garimoshi ni la kweli, nalo hubeba silaha za magendo; simulizi ya mizimu ni pazia tu la kuwatisha watu wasitazame. Anayewafichua wahalifu ni Teddy Deakin, kijana ambaye kwa muda mrefu amewachosha wenzake, na pengine hadhira pia, kwa mizaha isiyokoma. Upumbavu wake ulikuwa kificho cha mpelelezi.

Filamu ya mwaka 1931 iliyoongozwa na Walter Forde kwa kampuni ya Gainsborough ilimpa Jack Hulbert nafasi hiyo. Mkewe, Cicely Courtneidge, aliigiza Bi Bourne, mwanamke mtu mzima anayesafiri na kasuku wake. Kilichosalia cha filamu hiyo ni mikanda mitano ya picha na miwili ya sauti. Hasara hii ina uzito wa pekee. Katika vitisho, kivuli cha garimoshi na nyuso zenye hofu hujieleza hata kimyakimya. Vichekesho vya Deakin vimo mdomoni: katika kasi ya maneno, katika kukatiza usemi wa wengine, na katika ile sauti inayobadilika ghafla mpelelezi anapojitambulisha. Wanaotafiti fasihi simulizi wanalijua vyema tatizo hili, kwani maneno yaliyonakiliwa karatasini hayarudishi utendaji.

Je, mapengo hayo yanaweza kujazwa kwa matoleo mengine? Lililo rahisi kulikimbilia ni la mwaka 1941, kwa kuwa limesalia, tena liliongozwa na Forde yuleyule. Hata hivyo, kulitumia hivyo ni kosa la kimbinu. Katika toleo hilo nafasi ya Deakin iligawanywa kwa wahusika wawili, na mizaha ikaangukia kwa Tommy Gander, aliyeigizwa na Arthur Askey. Mgawanyo huo unavunja kejeli yenyewe ya Ridley, kwa sababu mcheshi sasa ni mcheshi tu, hana anachokificha. Maadui nao wamekuwa mawakala wa Wanazi, jambo linaloeleweka kwa taifa lililokuwa vitani.

Toleo la mwaka 1927 la Géza von Bolváry, lililotengenezwa kwa ushirikiano wa Waingereza na Wajerumani, halisaidii zaidi. Lilikuwa filamu bubu tangu mwanzo; waigizaji wake walijua kwamba mwili na maandishi ya kwenye skrini ndiyo yatakayobeba maana. Hulbert aliigiza akitegemea kusikika. Mikanda mitano ya picha iliyobaki, ikitazamwa leo bila sauti, haiwi filamu bubu, bali ni mazungumzo ambayo upande mmoja wake umefutwa.