Barua kwa Mama wa Mtoto Kiziwi

Elimu ina mbio kuliko mwalimu. Mwalimu huzuiwa na mto, mlima, nauli na usiku. Lakini elimu yaweza kupanda karatasi, waya au mawimbi ya hewa ikafika asikofika mwenyewe. Katika siku zetu msaada wa namna hii kwa wagonjwa na wenye ulemavu huitwa tiba mtandao, na wengi hudhani kuwa ulizaliwa pamoja na kompyuta. Dhana hiyo si sahihi. Kwa watoto wadogo wenye ulemavu msaada wa mbali ulikwisha kuwako zama za kalamu na stempu, na atakaye kujua siri ya kufaulu kwake hana budi kuitazama historia hiyo.

Katika mwaka wa 1924, huko Marekani, Louise Treadwell, mwigizaji wa michezo ya jukwaani, alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa John. Baba wa mtoto alikuwa Spencer Tracy, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika sinema. John hajatimiza mwaka, mlango ulijipiga kwa kishindo karibu na alipolala, naye hakushtuka. Mama aliita jina lake, mtoto hakugeuka. Ikajulikana kuwa alikuwa kiziwi.

Zamani zile mzazi wa mtoto kiziwi aghalabu aliambiwa angoje mpaka mtoto afike umri wa shule. Kungoja huko kulikuwa hasara kubwa, maana lugha haimngojei mtu. Mwaka wa 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika jimbo la Colorado: watoto ambao uziwi wao ulitambuliwa kabla ya miezi 6, na wazazi wao wakasaidiwa upesi, walikuwa na lugha bora kuliko wale waliochelewa kutambuliwa. Louise hakuwa na uchunguzi huo mkononi. Alikuwa na mtoto mmoja na subira, akamfundisha mwenyewe nyumbani.

Mwaka wa 1942 alianzisha mjini Los Angeles kliniki yenye jina la mwanawe, katika nyumba ndogo ya Chuo Kikuu cha Southern California. Waliofundishwa kwanza pale walikuwa wazazi, ili nao wawafundishe watoto. Lakini ilikuwa wakati wa vita; petroli iligawiwa kwa kipimo, na mama aliyekaa mbali hakuweza kusafiri. Hivyo mwaka wa 1943 masomo yalianza kupelekwa kwa posta, bila malipo. Somo lilimfikia mama, naye akalitumia katika kazi zake za kila siku: kumvika mtoto, kumlisha, kupanga vijiko, akisema naye uso kwa uso, mwanga ukiangukia midomo yake. Kisha aliandika jinsi mtoto alivyoitikia, akapata jibu na somo lingine.

Tazama mpango huo ulivyokuwa. Mwalimu hakumgusa mtoto hata mara moja. Mikono ilikuwa ya mama, macho yalikuwa ya mama, na saa za kufundisha zilikuwa saa zote za mchana. Mwalimu angalikaa jirani, angalipata saa moja au mbili kwa juma. Mama alizo nazo zote.

Walakini barua ilikuwa na upungufu: mwalimu alijua yale tu aliyoandikiwa, na mama hawezi kuandika kosa asilojua kuwa ni kosa. Redio ilikuja na mwendo wa upesi. Huko Australia Alfred Traeger alibuni redio iliyoendeshwa kwa kukanyagwa kwa miguu, na tangu mwaka wa 1929 iliwawezesha watu wa nyikani kumwita daktari wa ndege. Mwaka wa 1951 shule ya hewani ilifunguliwa Alice Springs, na watoto wa mashamba ya mbali wakasoma kwa sauti ya mwalimu. Lakini sauti ingemfaa nini mtoto kiziwi?

Kwake yeye ilihitajiwa picha. Mwaka wa 1964 huko Nebraska madaktari wa akili walio Omaha waliunganishwa kwa televisheni ya pande mbili na hospitali ya Norfolk, umbali wa maili 112. Ilithibitika kuwa mtaalamu aweza kumwona mtu wa mbali na kuonwa naye. Lakini mitambo ile ilikuwa ghali mno kuwekwa nyumbani kwa mtu. Hata mwaka wa 2002 taasisi ya watoto viziwi na vipofu ya Sydney, iliyoasisiwa mwaka wa 1860, ilipofungua shule ya mbali kwa njia ya video, mwalimu aliweza kumwona mama akicheza na mtoto wake na kumsahihisha papo hapo. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango mwaka wa 2020, waliokuwa wamezoea njia hiyo hawakuanza na ugeni.

Hata hivyo msaada wa mbali huchukua pia kasoro za anayeutoa. Kliniki ya Los Angeles ilifundisha kusema na kusoma midomo. Lugha ya ishara iliachwa nje, kwa kufuata mwelekeo ulioimarishwa na mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka wa 1880. Mwaka wa 1960 William Stokoe alionyesha kuwa ishara za viziwi wa Marekani ni lugha kamili, yenye kanuni zake. Barua zilizowapa akina mama wengi tumaini zilikuwa zimeacha lango moja la lugha limefungwa, na kwa kuwa zilisafiri mbali, kosa nalo lilisafiri mbali.

Kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki, tunapopewa chombo kipya kwa ajili ya watoto wetu, tusiulize kwanza wepesi wake. Tuulize kama kinasema lugha ya mama, kama gharama yake yabebeka na mkulima, na kama kinaisikiliza lugha ya mtoto mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipa Lugha ya Ishara ya Kenya nafasi pamoja na Kiswahili na Kiingereza bungeni. Si haki ikose nafasi katika simu ya mama. Chombo hubadilika kila kizazi. Mikono inayomlea mtoto ni ile ile, na msaada usiofika katika mikono hiyo haujafika.