"Nichukulie" na Mzigo Uliomo Ndani Yake

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo sentensi ya Kiingereza waifasiri: "Please bear with me." Mmoja alimleta dubu. Mwingine aliandika habari za kuzaa. Waliosalia, karibu wote, waliandika: "Tafadhali subiri." Hao niliwapa alama zote, na leo, nikiwa mstaafu hapa Tunduma, naona niliwapa kwa wepesi mno.

Kitenzi "bear" asili yake ni kubeba. Asemaye hivyo hamwombi mwenzake angoje tu. Amwomba auchukue uzito wake kwa muda. Subira, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni jambo la mtu na nafsi yake. Waweza kusubiri peke yako chini ya mwembe. Kubeba kwahitaji awepo anayebebwa.

Nasi neno hilo tunalo. Katika "chukua" tumepata "chukulia" na "chukuliana", na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 yatumia "kuchukuliana" kwa maana hiyo hiyo. (Kweli, "nichukulie" yaweza pia kumaanisha niletee kitu, muktadha ndio mwamuzi.)

Tena katika nchi hii kuchukua mizigo hakukuwa tamathali ya usemi. Ugonjwa ulioenezwa na mbung'o uliwaua farasi na maksai, hivyo shehena za misafara zilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Miaka ya 1880 London Missionary Society ilitaka meli ya mvuke katika Ziwa Tanganyika. Good News iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Toka Karonga vipande vile vilibebwa na watu kuvuka nyanda hizi zilizo kati ya maziwa mawili, si mbali na Tunduma ya leo, na mwaka 1885 meli ikaelea. Majina ya wamisionari nimeyasoma vitabuni. La mpagazi hata mmoja sijakutana nalo.

Siku hizi mzigo wabebwa na malori yaelekeayo Nakonde, na neno ninalolisikia zaidi kwenye foleni ni "subiri", tena bila "tafadhali". Lakini juzi, katika dirisha la ofisi moja, kijana alimwambia dereva mwenye umri wa baba yake: "Nichukulie, mzee wangu, mtandao umekatika." Dereva akacheka, akavuta kiti.